Mathilde, fundi wa Dzaleka anayerudisha sauti mahali pake

Saa tatu asubuhi soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, limeshachangamka, lakini Mathilde Nabintu hasikii kelele zake. Amevaa hedifoni kubwa nyeusi, macho ameyafumba, kidole chake kinaonyesha kushoto, kulia, kisha katikati. Anatafuta ngoma ya wimbo iko wapi.

"Iko inalia ndani ya kichwa," anasema akizivua. "Inapashwa kulia mbele yangu."

Mama huyu wa miaka arobaini na mmoja, ambaye kambini huitwa Mama Dany, aliikimbia Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 2004. Kuchomelea waya alifundishwa na baba yake mdogo, fundi wa redio. Leo hupokea hedifoni kama kumi na tano kwa wiki, nyingine akizifuata mwenyewe kwa wauza mitumba wa Lilongwe.

Ndani ya kila upande, anaeleza, mna utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Ukiwa mwepesi hutetemeka upesi, na msikilizaji hupata hata ukucha unavyokwaruza uzi wa gitaa. Unywele mmoja ukiugusa, hayo hupotea. Mito ya masikio ikichakaa, sauti nzito huvuja.

Na ule upana, kana kwamba umeketi ukumbini?

"Masikio ni mbili," anasema. "Sauti ya kushoto inafika ku sikio ya kushoto mbele kidogo, kisha ku ya kulia. Akili njo inapima ile tofauti. Ukiiharibu, nyumba yote inakuwa kadogo."

Hilo alilijua siku nyingi. Lakini Novemba 2013 ndipo lilipomtoa machozi.

Norbert, mwalimu wa kwaya kutoka Uvira, alimletea hedifoni na kaseti iliyorekodiwa kanisani kwao mwaka 2001, kwa redio yenye maikrofoni mbili. Waimbaji walikuwa ishirini na watatu. Mmoja wao alikuwa Antoinette, mkewe, aliyefariki njiani wakikimbia. Hakuacha hata picha.

"Mama Dany, miaka yote hii nasikia bantu boote," Norbert alimwambia, yaani watu wote isipokuwa mkewe. "Bibi yangu, hapana."

Mathilde alifungua hedifoni, akaona kosa mara moja. Fundi fulani aligeuza nyaya za upande mmoja: utando wa kulia ulikuwa ukisukuma huku wa kushoto ukivuta, sauti zikilana zenyewe kwa zenyewe. Akazirudisha nyaya mahali pake, akapangusa vumbi, akashona mito mipya.

Norbert akavaa. Kisha akageuza kichwa taratibu upande wa kushoto, kama mtu aliyeitwa.

"Njo yeye," akanong'ona, yaani ndiye. "Iko nyuma ya bengine. Minamusikia anavuta pumzi mbele ya kuimba."

Mathilde akaomba naye asikie. Kwaya nzima ilikuwa imesimama mbele yake, kila mtu na nafasi yake, na ukuta wa kanisa ukirudisha mwangwi. Kushoto kabisa, mwanamke alivuta pumzi.

"Nililia," anakumbuka. "Ni kawaya kadogo tu. Na mutu anarudi!"

Tangu siku hiyo anakusanya maikrofoni za redio mbovu. Tayari anazo mbili zinazofanana, na Norbert ameshawaita waimbaji wakongwe wa kambini, kumi na wanane. Mathilde anapanga kuwarekodi Pasaka ijayo, maikrofoni zikiachana kama masikio ya mtu.

"Bazee baimbe sasa, bangali bazima," anasema. "Kila mumoja nataka nijue amesimama wapi."