Perege Niliowatia Ziwani

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Ila ujue kwanza nilivyochomwa.

Mimi ni mtoto wa mjini, lakini bibi yangu yuko upande wa Makunduchi, karibu na kiziwa cha maji ya magotini. Maji yake yalikuwa safi hata mawe ya chini ukiyaona. Nilitaka kukifanyia utafiti wa chuo: vidudu vidogo kuliko punje ya chumvi, vinavyojaa masika na kuadimika wakati wa jua kali. Nikamwambia rafiki yangu Rahma, tuliyekuwa tukiazimana mabuibui. Kesho yake alishampelekea mwalimu kama wazo lake. Mimi nikaambiwa nitafute jengine.

Nilipomuuliza alinicheka. "Kwani ziwa umeliumba wewe?"

Nikasema huyu nitamlipa. Nikamwacha achote na wavu wake masika nzima. Kabla ya jua kali kuingia nikanunua perege wadogo kwa mfugaji, nikawabeba kwenye ndoo, nikawamwaga ziwani. Perege hao hula vidudu vile. Rahma aliporudi kuchota wakati wa jua hakupata hata kidudu kimoja cha kulinganisha na masika. Alilia, nikamshika bega, na moyoni nafurahi. Sikudanganyi, raha ile naikumbuka mpaka leo.

Nilichosahau ni kwamba vidudu vile ndivyo vilivyokuwa vikila ukoga. Vilipokwisha, maji yakageuka kijani, yakaanza kunuka. Bibi hafulii tena hapo, wala ng'ombe wake hanywi. Anakwenda kisima cha mbali na goti lake bovu. Rahma naye akaandika habari za samaki wageni ziwani, akasifiwa.

Kijiji kikaamua kusoma halbadiri, kumwapiza aliyetia samaki. Bibi akanipigia simu: "Njoo, mwanangu. Alotuharibia maji simsamehe, duniani wala akhera."

Nikaenda, nikakaa ubavuni pake. Kila dua iliposomwa aligeuka kunitazama kama naitikia. Nikaitikia.

Wewe unayepanga kumkomoa mtu, jiulize kwanza nani mwengine anachota hapo. Rahma simpendi hadi leo, na bado natamani aanguke. Lakini aliyeapizwa ni mimi, na amina nimeitikia mwenyewe.