Mdomo wa Mama Ukutani

Chokaa mbichi ina harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua, yenye ukali kidogo unaowasha pua. Harufu hiyo ilijaa ukumbi wa kanisa letu sisi Wakongo wa North Buffalo, Marekani, majira yale ya joto, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nilipokuwa darasa la tano na Mzee Ottavio akituchorea harusi ya Kana, ile ya Injili ambapo divai ilikwisha, Maria akamwambia mwanawe, na maji yakawa divai. Mwitaliano huyu hakuchora juu ya ukuta mkavu. Kila asubuhi alipaka lipu sehemu ndogo, akachora kabla haijakauka, rangi ikanywewa na ukuta vikawa kitu kimoja. Ikishakauka, kosa halifutiki. Dawa yake ni patasi.

Alianza kazi utotoni, Italia, akimkorogea baba yake chokaa. Alipokua alichora malaika kwenye dari za makanisa, kwao na Ufaransa, kisha akaoa mwanamke mwenye ndugu Buffalo, akamfuata huku. Huku hakuna aliyetaka malaika. Wenye mikahawa ya piza walitaka volkano ya Italia, naye akachora volkano mpaka akaota mvi, na mkewe akafariki bila kumwona tena akichora ukuta wa kanisa. Padri wetu alipompa ukuta, mikono yake ilikwisha kuanza kutetemeka, na wote tulijua hatapata mwingine.

Padri aliagiza sura ziwe za waumini. Basi kila mtu akataka kuwa mgeni wa harusi, mtumishi wa kubeba maji akakosekana. Papa Elia, kiongozi wa kwaya, mwenye kipara na wajukuu, hakukubali kuwa yeyote ila bwana harusi. Mama yangu alikaa kama mgeni, lakini kwa kuwa yeye ndiye aliyezungumza Kifaransa na mzee, akawa pia mkalimani wa ukumbi mzima.

“Madame, funga mdomo,” Mzee Ottavio alimwambia.

“Niko nafunga,” Mama akajibu, akaendelea.

“Bon, mwambie aniongezee nywele kidogo,” Papa Elia akaomba.

“Papa, miujiza ni ya Yesu. Huyu iko nachora tu.”

Papa Elia akanuna, Mama akamgeukia kumweleza vizuri, kwa kidole na kwa sauti, na maelezo yakawa marefu, huku mzee akichora alichokiona. Walipomaliza, lipu ilikuwa imekauka. Ukutani, Mama alikuwa ameachama mdomo wote, kidole kikimwelekea bwana harusi. Kina mama wa kwaya walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mama hakucheka. “Donc, wajukuu wangu watanikuta hapa nafokea watu? Atoe.”

Mzee akachukua patasi, akapanda ngazi, akasimama mbele ya uso ule kwa muda mrefu. Kisha akashuka. Alisema amechora malaika wengi sana maishani, wote kimya. Huyu ni wa kwanza anayesema kitu.

“Nasema nini?” Mama akauliza.

Mzee akaonyesha vikombe vya wageni kwa patasi. “Unasema divai imekwisha.”

Mama akautazama ukuta. Wageni wengine wote walikuwa wakitabasamu na vikombe vyao vitupu. “Ni kweli,” akasema hatimaye. “Lazima mtu aseme. Acha.”

Mzee akamshika mikono yote miwili, akampaka chokaa hadi kwenye viwiko.

Mzee Ottavio ameshafariki, nasi tulihamia mji wa Columbus, kwenye nyumba ambamo watoto wangu humjibu bibi yao kwa Kiingereza naye huwaacha tu bila kuwafokea. Mwaka jana nilipita Buffalo. Waumini wengi pale sasa ni wageni wasiotufahamu. Nilimkuta msichana akiwasha mshumaa chini ya mdomo ule, nikamuuliza ni nani huyo. Alinishangaa. Alisema ni Bikira Maria, na kwamba ukiwa na shida yeye hakawii kuifikisha kwa Yesu.

Niliporudi nilimsimulia Mama. 

“Bon,” akasema. “Waambie wasiombe kwa kunong’ona.”