Sura ya Mwisho Niliyomsomea Mama

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu ni kuchambua watu ambao hawajawahi kuzaliwa. Nipe mhusika yeyote, dakika kumi tu nitakujazia ubao: ana kiburi, ni mbinafsi, hana utu. Wanafunzi wananakili, mtihani unakuja, wanapata maksi. Nilijiona fundi kwelikweli, mpaka siku niliyomsomea mama yangu riwaya.

Mama alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, anakaa kwangu Buswelu. Daktari alimkataza kuinama, kubeba vitu vizito na kulia. Kuinama na kubeba tulimzuia kwa ugomvi. Ili asichoke kukaa bure, kila jioni nikitoka shuleni nilimsomea kurasa chache za kitabu nilichokuwa nafundisha kidato cha nne. Yeye alifundisha darasa la pili hadi anastaafu, kwa hiyo msikilizaji wa kunyamaza hakuwa. Anatafuna michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ananikatiza kila aya.

Kitabu chenyewe kilihusu dada na mdogo wake wa kiume. Waligombana kwenye msiba wa baba yao, wakaishi vijiji viwili vya jirani bila kusemezana. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa mkobani, jamani, wala sikufikiri. Tulikuwa tumeshafika ukurasa wa kumi ndipo nikashtuka. Mama naye ana mdogo wake, mjomba wangu, yuko ng'ambo ya ziwa kule Sengerema, na hawajasemezana tangu bibi alipofariki. Siku ya mazishi mama alikwama kwenye foleni ya kivuko, na mjomba hakumsubiri. Tulifika tukakuta wanasawazisha udongo. "Saa moja tu," mama husema mpaka leo. "Mama yangu angeoza kwa saa moja?"

Nikataka kubadilisha kitabu. Akakataa katakata.

"Endelea. Nataka nimjue huyu kijana."

Kuna mahali yule kijana, kila siku ya gulio, anapita mbele ya nyumba ya dada yake bila kusalimia. Nikamwambia mama kama ninavyowaambia wanafunzi, "Hapo mwandishi anatuonyesha kiburi."

"Kiburi gani?" akaruka. "Na ualimu wako wote huo! Mwenye kiburi angeingia, akakaa, akadai chai. Hebu niambie, hana njia nyingine ya kwenda gulioni?"

"Anayo. Tena fupi zaidi."

"Sasa pale anafuata nini? Huyo ana haya. Anapita ili aonekane, aitwe. Mtu mwenye haya haji mwenyewe, anafuatwa. Utaona, dada ndiye atakayekwenda." Akakung'uta kanga. "Nikipona hili jicho, utanipeleka Sengerema."

Niliitikia, lakini moyoni nilichemka. Mimi nilikuwepo kwenye yale mazishi. Mimi ndiye niliyemshika mama asiangukie kaburi, huku mjomba amesimama na koleo lake anatazama pembeni. Niliapa siku ile kwamba huyu mzee atakuja mwenyewe, tena kwa magoti. Sasa mama ndiye amfuate? Mkubwa, mgonjwa, tena aliyekosewa? Hapana, sikukubali.

Siku iliyofuata tukafika sura ya mwisho. Nilikuwa naijua vizuri, maana niliifundisha mwaka mzima. Mama alikuwa amepatia kila kitu: dada anakwenda, anamkuta mdogo wake kitandani, wanasemezana maneno machache, na wiki haiishi kijana anafariki. Nikajiambia, nikimsomea hii atalia, na daktari amekataza. Sababu nzuri hiyo, nikajificha nyuma yake. Nikashika kitabu, macho kwenye karatasi, nikasoma maneno ambayo hayamo. Nikamfanya yule kijana aje mwenyewe, mvua inanyesha, apige magoti mlangoni na kusema, "Dada, nisamehe." Hata kurasa nilikuwa nafunua.

Mama aliacha kutafuna.

"Kumbe nilimkosea," akasema taratibu. "Nilidhani namjua. Kumbe ni wa kuja mwenyewe." Akafikiri, halafu akasema, "Basi na wangu atakuja. Tumsubiri."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jicho likapona, na habari ya Sengerema hakuitaja tena. Lakini geti likigongwa alikuwa anainua kichwa na kujitanda kanga vizuri. Akiingia mtoto wa jirani kuomba chumvi, anaishusha. Nilimwona kiangazi chote, na mvua zikaanza bado namwona. Sentensi moja ingetosha: mama, sikusoma kilichoandikwa. Kila siku nikajiambia kesho, na kesho yake nikaenda shuleni kuwafundisha watoto wa watu kwamba ukweli ni dhamira mojawapo ya kitabu hicho.

Kisha mke wa mjomba akapiga simu. Presha ilikuwa imempanda mjomba asubuhi shambani, hakufika hospitali.

Safari hii walitusubiri. Baada ya kuzika, mke wa mjomba akamshika mama mikono yote miwili.

"Wifi, mwenzio alikuwa anakuja," akasema. "Mara mbili amevuka, akafika mpaka Buswelu. Akirudi namuuliza, umemwona dada? Ananijibu, nimeliona bati la nyumba, nikaona haya, nikageuza."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale nyuma ya mama. Nikakaa chini kwenye udongo, watu wakadhani namlilia mjomba. Mama hakulia. Jicho lilishapona, hakuna aliyemkataza, na bado hakulia. Nilitamani sana alie.

Tulirudi nyumbani baada ya kuanua tanga. Nilimwekea chai, akaiacha ikapoa. Halafu akasema, "Mwanangu, kile kitabu ulichonisomea."

"Abee, mama."

"Yule mwandishi ni mwongo. Hajui watu hata kidogo. Mimi yule kijana nilishampatia, nilishamwelewa kabisa, na mdogo wangu pia nilishamwelewa. Halafu yeye, na usomi wake, akanipotosha."

Kitabu kilikuwa mkobani, juu ya kochi, kati yangu na yeye. Ningeweza kukitoa nikamsomea, akajua kwamba alimsoma yule kijana vizuri kuliko mimi mwalimu.

"Ni kweli, mama," nikamjibu. "Waandishi wengine ndivyo walivyo."