Mshale Nilioutia Mwenyewe

Haya ninayowasimulia nyumbani kwetu hayagusiwi, maana hadi leo nikiyakumbuka masikio yanapata moto, lakini kwa kuwa mmeniganda, sikilizeni, ila msinicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila mwenye mizani na ghala Kyela akawa mnunuzi wa kakao, na mjomba wangu Ambakisye naye akafungua ghala lake Ndandalo, akaweka na kompyuta ya kuchapa stakabadhi (jenereta inanguruma nje), ili wakulima waache kulalamika kwamba karani anaandika kilo anazotaka yeye. Badala ya kutulia, wakazidi kushuku. Mizani wanaiona, lakini ndani ya kompyuta nani kaingia? Fundi aliyeitengeneza ile programu alishahamia Malawi bila kuacha mchoro wowote, na mimi ndiyo kwanza nimerudi kutoka kusomea kompyuta Mbeya kwa gharama za mjomba, basi akaniambia, "Uswege, isome hiyo programu, unichoree inafanya nini, tuibandike ukutani waone wenyewe."

Nikaichapa yote kwenye yale makaratasi marefu yenye matundu pembeni, nikawa nasoma na kuchora: kila sehemu ya programu kisanduku, na sehemu moja ikiiita nyingine, mshale. Kazi ikanoga. Ila kisanduku kimoja kikabaki peke yake, hakiitwi na chochote, nacho ni cha kupunguza kilo mbili kwa kila gunia kwa ajili ya unyevu. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi (na cheti changu) nikaona kinaharibu sura ya mchoro, watu watasema sikuelewa, nikakitia mshale kutoka kwenye mizani kwa kalamu nyekundu. Kikapendeza.

Siku ya mkutano ghala lilijaa, nami nimechomekea shati, fimbo mkononi. "Hapa kilo zinaingia," nikasema, "hapa zinapungua mbili, hapa stakabadhi inatoka." (Nilikuwa nasoma mchoro tu, maana yake haikuwa imenifikia hata mimi.)

Kisha Mama Atupele, aliyekuwa akituuzia kakao tangu tufungue, akauliza taratibu, "Zinapungua kwenda wapi, mwanangu?"

"Nionyeshe hapo kwenye makaratasi," akasema mjomba, na sauti yake nikaijua. Nikapekua mbele ya watu wote, makaratasi yanaburuzika sakafuni, wala hakuna mstari unaoiita sehemu ile. Fundi aliiandika akaitelekeza. Ningesema hivyo yangeisha. Lakini kwa aibu nikajikuta nasema, "Huenda imejificha." Mnasikia? Imejificha.

Mjomba akapandisha gunia mizanini, stakabadhi ikatoka na kilo zote, hakuna iliyopungua. Mzee mmoja nyuma akasema, "Leo inatuogopa," na wenzake wakaitikia. Hapo ndipo nikatamka ukweli, kwamba mshale ule nimeuchora mwenyewe, kwenye programu haumo.

"Mtoto wa dada yake atasema nini kingine?" Mama Atupele akawauliza wenzake, na mimi nikaelewa kwamba kila ninavyomtetea mjomba ndivyo ninavyomzamisha.

Wakabeba magunia yao, mmoja mmoja, wakavuka barabara kwa mnunuzi mwingine, ambaye mizani yake kila mtu anajua inapunja. Nilisimama mlangoni na fimbo yangu nikiwahesabu kwa macho, natamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo nisichokielewa kwenye programu ya mtu naandika pembeni "sijui", hata bosi akinuna.

Mjomba hakunigombeza. Aliubandua mchoro ukutani, akanikabidhi, akasema, "Ndaga fijo, mpwa wangu," asante sana, bila kejeli hata kidogo, akatoka kwenda kuzima jenereta, na msimu ule hakuiwasha tena.