Mwizi wa Mama Kuku

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, hana dogo. Mtaa mzima unamwita Mama Kuku kwa sababu ya kuku anaowafuga nyuma ya nyumba, na ukimsikia anamsifia mtu ujue huyo mtu ameshazikwa. Jirani akimwaga maji machafu, kesi. Mimi nikichelewa kurudisha sufuria yake, kesi kubwa zaidi. Lakini adui yake hasa alikuwa mwewe mwenye kiota juu ya mkaratusi, upande wa pili wa ukuta wake.

Kila asubuhi alitoka na pumba, akawamwagia kuku, kisha akainua uso na kuanza. "Wewe jizi, na hao unaowalea watakuwa majizi. Njoo uchukue kifaranga mwingine uone." Mwewe alikuja, akachukua mwingine. Wifi aliendelea kumtukana huku akiosha vyombo.

Basi kampuni moja ya nyumba ikanunua kiwanja chenye ule mti. Wakasimika bango kubwa kuliko nyumba zetu: baba, mama na watoto wawili wenye meno meupe, majani ya kijani, na juu yao ndege aliyekunjua mabawa. Ndege wa kwenye bango walimpenda sana. Wa kwenye mti aliwakera, maana mkaratusi ulisimama palepale walipotaka kupitisha barabara, na sheria ilikataza kugusa kiota cha mwewe mpaka makinda waruke. Walibakiwa na mwanya mmoja. Kama jirani angethibitisha kwamba ndege anamtia hasara, afisa wa wanyamapori angeweza kuruhusu kiota kiangushwe, na waliomo ndani yake shauri yao.

Meneja wa kampuni alikuja mwenyewe kwa wifi, na kreti ya soda. Alivaa viatu vyenye ncha, akakanyaga mavi ya kuku hatua ya kwanza tu, akatabasamu kama mtu aliyekanyaga zulia.

"Mama, wewe ni nguzo ya mtaa huu," alisema. Nguzo ya mtaa alikuwa amevaa kanga iliyotoboka na alikuwa hajamkaribisha kiti. "Tutakujengea banda. Mabati mapya, wavu pande zote, sakafu ya saruji. Wewe sema ukweli wako tu mbele ya afisa. Yale yale unayoyasema kila asubuhi."

"Nitayasema," wifi alijibu.

Banda lake lilikuwa mbao za makasha na chandarua kilichozeeka, na mvua ikinyesha kuku walihamia jikoni. Kwa hiyo nilijua mambo yameisha. Nilifungua soda mbili, nikaanza kupanga moyoni jinsi nitakavyowahamishia kuku wangu watatu kwenye sakafu ya saruji.

Tulikutana ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, chini ya feni iliyozunguka bila kutoa upepo. Mwenyekiti, ambaye katika maisha yake hajawahi kukosea upande wenye soda, alizungumza kuhusu maendeleo mpaka afisa, mama mmoja mpole, akaangalia saa. Ndipo wifi akasimama.

Hakubakiza neno. Alisema mwewe yule ni mwizi wa mchana kweupe, hana haya, anabeba kifaranga huku mama yake anatazama. Amemmalizia vizazi na vizazi vya kuku, halafu anamwangushia mifupa juu ya bati kwa dharau. Meneja alitikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kukodi.

"Kwa hiyo, mama, unataka kiota kiondolewe?" afisa aliuliza.

"Nani kasema?"

"Si umesema ni mwizi?"

"Ni mwizi. Lakini ana watoto ndani." Wifi aligeuka kwa meneja. "Mimi, mwenye nyumba niliyopanga aliwahi kuning'olea mlango ili nihame. Nina kichanga cha wiki moja, mume wangu yuko safarini. Nililala na pazia mlangoni, nimeshika mchi. Mtu analea, unambomoleaje? Watoto wakiruka, mimi na yeye tutamalizana wenyewe. Nyie hayawahusu."

Habari za mlango ule nilikuwa nazo. Nyumbani kwetu zilisimuliwa kama kichekesho, kwamba mdomo wa wifi ulimponza mpaka akang'olewa mlango. Kichanga hakikutajwa hata siku moja. Niliona aibu, nikainamisha uso kama natafuta kitu sakafuni.

"Mama, sisi tulishaelewana," meneja alisema, tabasamu limemkauka.

"Ulielewana na soda zako. Kreti iko uani. Zilizopungua mdai huyu wifi yangu."

Afisa aliamua papo hapo kwamba mti usiguswe mpaka makinda waruke. Meneja aliondoka bila kuaga nguzo ya mtaa. Mwenyekiti alitulaumu kwamba tumerudisha mtaa nyuma, mtaa ambao mtaro wake umeziba tangu achaguliwe.

Njiani aibu ilinitoka, nikamtolea wifi uvivu. Nilimwambia kaka yangu ameoa kichaa, na kwamba mvua ijayo asinililie.

Tulipoingia uani, kuku walikuwa wanapiga kelele. Mwewe alishuka mbele ya macho yetu, akamnyakua kifaranga mmoja, akapaa naye polepole kuelekea mkaratusi. Tuliwasikia makinda wakilia kwa njaa kule juu. Wifi aliokota jiwe, akalirusha kwa nguvu, nalo likaenda kuangukia kwenye migomba ya jirani, upande mwingine kabisa.

"Umemkosa," nilimwambia.

"Jua limeniingia machoni," alisema, akaingia ndani.

Jua lilikuwa mgongoni kwake.