Kila Funda na Hofu Yake: Mshonaji Anayemlisha Mumewe kwa Mrija

Asubuhi hii cherehani ya Mama Pindo bado imefunikwa. Juu ya meza ya kukatia vitambaa, mahali pa mkasi na chaki, pamekaa blenda, bakuli la tende zilizolowekwa, ndizi mbivu na sufuria ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa.

Anaanza na kakao. Anaikoroga kwa maji moto kidogo na kuiponda kwa mgongo wa kijiko mpaka madonge yaishe. Akidhani yameisha, anaponda tena.

"Donge likiziba mrija, atavuta kwa nguvu," anasema bila kuinua macho. "Akivuta kwa nguvu atapaliwa. Na mtu aliyefungwa mdomo akipaliwa, basi tena."

Mtu huyo ni mumewe, seremala, anayemsubiri kwenye kiti karibu na dirisha, mgongo umenyooka kama wa mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali. Meno yake ya juu na ya chini yamefungwa pamoja kwa nyaya nyembamba za hospitali ili taya lililovunjika liunge. Mtaani wanamwita Kabati kwa upana wa mabega yake. Siku hizi watani wake wanasema kabati limebaki mbao.

Shingoni mwa Mama Pindo inaning'inia futi ya kupimia, kama ilivyo kwa mafundi wote wa kushona. Kando yake, kwa utepe mwekundu, linaning'inia koleo dogo la kukatia waya. Halivui hata akienda kuoga.

Taya lilivunjika karakanani, Kabati alipokuwa akipasua ubao kwa msumeno wa umeme. Ubao ulikuwa na fundo, msumeno ukaukataa, ukaurusha usoni mwake. Wenzake waliporudi kutoka dukani walimkuta amekaa chini, ameshika uso kwa mikono miwili, kana kwamba anaogopa usidondoke.

Hospitalini, nesi alimwita Mama Pindo pembeni na kumkabidhi lile koleo.

"Aliniambia, 'Mama, mumeo akitapika, muinamishe, yatoke puani na katikati ya meno. Ukiona hapati pumzi, kata hizi nyaya zilizosimama. Usisubiri mtu,'" anasimulia. "Nikamwambia, dada yangu, mimi nakata vitambaa. Akanijibu, 'Basi mkono wako umezoea kukata.'"

Wiki ya kwanza alimpa uji mwepesi na supu iliyochujwa. Ndipo siku moja mchana, Kabati alikunywa dawa ya maumivu tumbo likiwa tupu, akaishushia kwa maziwa. Mama Pindo alikuwa akipinda gauni la mteja aliposikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu.

Alimkuta amesimama, macho yamemtoka. Akamwinamisha. Matapishi yakatoka puani, kisha hayakutoka tena, na hakuna pumzi iliyoingia. Kabati alikuwa akigonga ukuta kwa kiganja.

"Sikuwa na akili ya kuomba wala kulia. Nilimkandamiza kichwa kwapani kama mtu anayemnyoa mtoto mkorofi, nikaingiza koleo mdomoni. Waya wa kwanza ukanitelezea. Nikasema moyoni, leo nimemuua mimi mwenyewe."

Nyaya zilikatika. Mdomo ukafunguka. Jirani aliyekuja mbio anasema ile pumzi ya kwanza ilisikika hadi uani.

Daktari alimfunga upya na kumwambia mkewe kwamba alifanya kile hasa alichofundishwa. Lakini waliporudi nyumbani, Kabati alikataa kunywa. Akiletewa kikombe, anageuza uso. Maziwa ndiyo kabisa: harufu yake tu ilimrudisha pale ukutani.

Alikuwa ameshapungua kilo tisa. Dadake alipokuja kumtazama, alimshika mkono, akauachia haraka, akatoka nje kujifuta machozi.

"Wifi," dada huyo alimwambia Mama Pindo, "huyu nyaya hazitamuua. Atakufa kwa njaa na chakula kipo mezani."

Dada huyo ndiye aliyekumbuka kwamba kaka yake, tangu utotoni, angeuza shati lake kwa kipande cha chokoleti. Kliniki nao walikuwa wamesisitiza protini: maziwa, karanga, mayai. Mama Pindo alijaribu yai la kuchemsha ndani ya blenda. "Lilinuka mpaka mimi nikaogopa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Alipoacha yai, akakaanga karanga, akazipukusa maganda, akazisaga mpaka zikatoa mafuta. Akaongeza tende badala ya sukari, ndizi, maziwa, chembe ya chumvi, na kakao ya kutosha kuifunika harufu ya maziwa. Kisha akachuja kwa chujio, akachuja tena kwa kitambaa chepesi cha pazia, kile kile anachowashonea maharusi kwa madirisha yao.

Kabati alinusa. Akatikisa kichwa.

"Nikamimina kikombe cha pili, nikachukua mrija, nikauma meno yangu kama yake. Nikamwambia, mume wangu, ninakunywa hivi hivi ulivyo wewe. Tukipaliwa, tupaliwe wote, majirani wajue pa kuanzia."

Mama Pindo alikunywa akiwa amekaza meno, mezani, wakitazamana. Kilichomshangaza ni hofu yake mwenyewe. "Meno yangu hayakufungwa na mtu, lakini nilitetemeka. Hapo ndipo nilipomwelewa."

Kabati alivuta funda moja. Akasubiri. Akavuta la pili. Kikombe kilichukua muda mrefu kuisha.

Tangu siku hiyo hanywi mpaka mkewe akae naye, naye ameuma meno. Leo pia ni hivyo. Mama Pindo anakunywa huku macho yake yakilitazama koromeo la mumewe, likipanda na kushuka. Kila linapochelewa kushuka, mkono wake unapanda kifuani, penye koleo.

"Ananitazama kama mwizi," Kabati ananung'unika katikati ya meno. Sauti yake inatoka kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Mwizi gani ananyweshwa chokoleti?" mkewe anamjibu. "Kunywa."

Wiki ijayo nyaya zitaondolewa. Kabati anataka kurudi karakanani. Mama Pindo ameshakwenda huko mwenyewe, akasimama mbele ya tajiri wa karakana mpaka alipokubali kufunga kinga kwenye msumeno. Siku ya kwanza ya kazi atamsindikiza mumewe na kuiona kinga hiyo kwa macho yake. Hajui kama ataweza kuusikia mlio wa ile mashine bila kukimbia.

Anapoulizwa atampikia nini nyaya zikitoka, anapangusa meza kwanza.

"Chakula atajichagulia," anasema. "Mimi nataka nimwone akipiga miayo. Mdomo wazi wote, kama mtu asiyeogopa kitu."