Mara Mia Nne na Kumi na Mbili

Ukweni walimwita Daktari wa Panya, naye hakuwakatalia. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuwachoma panya sindano za dawa ya kutuliza kifafa, kisha kukaa na saa mkononi akihesabu degedege zao.

"Hao panya, mwanangu, wakipona huwa wanashukuru?" mama mkwe alimuuliza siku moja.

"Hawapati nafasi, mama. Tunawapasua ubongo."

Mama mkwe akasogeza kikombe chake mbali kidogo.

Daktari alikuwa amechapisha makala ishirini na nne. Ishirini na tatu kati ya hizo, ukizijumlisha, zilikuwa zimenukuliwa na watafiti wenzake mara tisini na sita. Moja, aliyoiandika akiwa bado ananyonyesha, ilikuwa imenukuliwa mara mia nne na kumi na mbili. Hiyo ndiyo iliyombeba. Ilisema kwamba miligramu kumi za dawa kwa kila kilo ya uzito wa panya hukomesha degedege, na watu wa nchi asizowahi kukanyaga waliinakili sentensi hiyo kama mtu anavyonakili namba ya simu. Ombi lake la uprofesa lilikuwa liende kwenye kamati Alhamisi, na bila makala ile halikuwa na miguu.

Jumatatu asubuhi ikaja barua pepe ya mwanafunzi wa mbali. Aliomba radhi mara tatu kabla ya kulitoa la moyoni. Alikifuata kipimo kile, akakirudia, lakini panya wake hawatulii, wanakufa. Je, Daktari anaweza kumwonyesha anapokosea?

Hakuwa amekosea. Daktari aliteremsha madaftari ya zamani kutoka juu ya kabati, akapiga chafya, akasoma. Unga aliopima miaka ile haukuwa dawa tupu; ulikuwa umeshikamanishwa na chumvi ili uyeyuke majini, na robo ya uzito wake ilikuwa chumvi hiyo. Alisahau kuitoa kwenye hesabu. Panya wake walipata saba na nusu, yeye akauandikia ulimwengu kumi. Mwandiko ulikuwa wake, na zile nukta za i alizozoea kuziviringa kama shanga.

Akaenda kwa mkuu wa idara.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi, dada yangu, kaa nalo Alhamisi ipite. Ijumaa sahihisha utakavyo."

"Na anayechoma sindano Jumatano?"

"Panya ni panya."

"Leo panya. Kesho mtoto wa mtu."

Mkuu alivua miwani. "Makala hiyo ina majina manne, na langu limo. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Mimi hiyo chupa ya unga hata sikuishika."

"Chupa hukuishika, lakini jina ulilitia."

Nyumbani mumewe alimsikiliza bila kumkatiza. "Ukisema, utabaki na nini?"

"Tisini na sita."

Mumewe hakucheka. Wala hakumzuia.

Jumatano akatuma masahihisho kwa jarida, na nakala kwa kamati. Kamati ilimaliza shauri lake kwa dakika kumi: ajaribu tena baada ya miaka mitatu. Mkuu wa idara akaanza kumsalimia kwa kidevu.

Masahihisho yalichapishwa, nusu ukurasa, mwishoni mwa jarida. Alidhani limekwisha. Lakini mwaka ulipogeuka makala yenye kosa ilikuwa imefika mia nne hamsini na moja. Masahihisho yalinukuliwa mara mbili, moja ikiwa ya yule mwanafunzi. Watu hawakuwa wanaisoma makala. Walinakili kumi kutoka kwa waliokwisha kuinakili.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kuvaa koti jeupe, huwatafuta wapya na kuwaandikia mmoja mmoja: kipimo hiki si sahihi, kosa ni langu. Wachache hujibu. Mmoja alimpongeza kwa umaarufu.

Mwezi uliopita aliona kwamba hospitali moja inajiandaa kuijaribu dawa ile kwa wagonjwa, na hesabu yao imeanzia kwenye kumi. Amewaandikia mara nne. Leo amepiga simu. Mpokezi amemwuliza yeye ni nani hasa.

"Mimi ndiye mliyemnukuu," amesema.

Ameambiwa asubiri, daktari anayehusika anatafutwa. Simu iko sikioni, na kwa saa ya ukutani zimeshapita dakika ishirini.